Maumivu ya kibofu na njia ya mkojo: fuata dalili kabla ya kufuata dawa

Maduka ya dawa ya Mombasa, kuanzia Kongowea hadi Mwembe Tayari, yameyazoea malalamiko haya. Mtu anainamia kaunta, anasema kwa sauti ya chini kwamba mkojo unamchoma, anauziwa vidonge, anaondoka. Wengi hupona. Lakini wapo wanaorudi baada ya wiki tatu, wakapewa dawa kali zaidi, wakarudi tena, mpaka mwishowe wanaambiwa hawana kitu, ni mawazo tu. Mwongozo huu nimeuandika hasa kwa ajili yao, kwa sababu maumivu yao ni ya kweli na yana maelezo.

Maelezo yenyewe yamo kwenye ugwe wa mgongo, ule uzi wa neva unaopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Kibofu kinaunganishwa nao kwa njia mbili. Neva za nyonga huingia chini kabisa, kwenye pingili za mwisho za ugwe zinazoitwa sakrali, ya pili hadi ya nne, yaani S2 hadi S4. Nyingine hupanda juu zaidi na kuingia kati ya mwisho wa kifua na mwanzo wa kiuno, T11 hadi L2 (T ni pingili za kifua, L ni za kiuno). Mrija wa mkojo na msamba vina neva yao, nayo pia huishia S2 hadi S4. Ndani ya neva hizo mna nyuzi za aina mbili. Zile zenye ala nyembamba ya mafuta hutoa taarifa za kawaida: kibofu kinajaa, tafuta choo. Zile zisizo na ala, zinazoitwa nyuzi C, kwa mtu mzima mwenye afya, nyingi yake hukaa kimya. Uvimbe, bakteria au kemikali kali huziamsha, na zikishaamka hazitulii siku ileile uvimbe unapoondoka.

Shika hilo, maana litarudi karibu katika kila dalili hapa chini.

DALILI YA 1: Mkojo unachoma, na haja ndogo haiishi

Sababu ya kwanza na inayoongoza kwa mbali ni maambukizi ya bakteria kibofuni. Mara nyingi ni bakteria wa utumbo aitwaye E. koli, na wanawake hupatwa zaidi kwa kuwa mrija wao wa mkojo ni mfupi. Dalili huanza ghafla, ndani ya siku moja au mbili. Mkojo huwa na ukungu na harufu kali, na unaenda chooni kila mara kwa matone machache.

Kagua kwanza vitu vyepesi. Mkojo una rangi gani? Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na joto la Mombasa linapokuza jasho tangu asubuhi, mtu anayeuza sokoni au kuendesha tuktuk kutwa nzima anaweza kufika jioni akiwa amekunywa kikombe kimoja cha chai. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, huo pekee unatosha kuchoma. Kunywa maji kidogo kidogo kwa siku nzima, mpaka mkojo uwe wa manjano hafifu. Wakati wa Ramadhani yagawe maji kati ya futari na daku, usiyashindilie yote kwa mara moja. Kuchoma kukiisha siku hiyohiyo na kusirudi, huenda umeshapata jibu lako. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aliyepimiwa maji na daktari asiongeze bila kumuuliza.

Kama hakukuisha, nenda ukapimwe mkojo kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. Jisafishe kwa maji, achilia mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati. Kijiti cha kupimia kitaonyesha chembe nyeupe za damu na naitraiti, kemikali inayoachwa na bakteria. Kipimo hicho ni cha dakika chache, na zahanati nyingi wanacho.

Sababu inayofuata ni magonjwa ya zinaa, hasa kisonono na klamidia. Kama kuna uchafu unaotoka, au kuchoma kulianza siku chache baada ya kukutana na mtu mpya, sema wazi kwa daktari. Hutibiki peke yako. Mwenzako naye lazima atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Halafu kuna vichokozi. Sabuni zenye manukato na kujiosha ndani kwa dawa humchubua mwanamke kwenye mlango wa mkojo. Kahawa tungu, soda, ukwaju, achari na pilipili huwasumbua wengi ambao kibofu chao tayari kimeudhika. Kiini cha ukali wa pilipili hushika kipokezi, yaani kilango cha kupokea ishara kwenye neva, kiitwacho TRPV1. Kipokezi hicho kiligunduliwa na kikundi cha mwanasayansi David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na kimo pia kwenye nyuzi C za kibofu.

Kwa mama aliyekoma hedhi, ukavu wa sehemu za siri unaweza kuleta mchomo uleule bila bakteria yeyote. Dawa yake ni krimu ya homoni anayoandika daktari. Antibiotiki hapo haina kazi.

Usijitibu, nenda hospitali siku hiyohiyo: ukiwa na homa pamoja na kutetemeka, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, au kutapika. Huo ni moto uliokwisha panda hadi kwenye figo. Mjamzito, mtoto mdogo, mwanamume wa umri wowote na mwenye kisukari nao wasisubiri kuona kama maji yatasaidia.

DALILI YA 2: Dawa umemaliza, kipimo ni safi, maumivu yapo palepale

Hapa ndipo watu hukata tamaa.

Anza na lililo jepesi: je, kipimo kilikuwa safi kweli? Ukipimwa ukiwa bado unameza antibiotiki, bakteria wanaweza kujificha na kipimo kikaonekana kisafi. Omba mkojo uoteshwe maabara, na iwe kabla ya dozi nyingine, si baada yake. Kuotesha huchukua siku mbili tatu, lakini hutaja bakteria aliyepo na dawa inayomuua. Na magonjwa ya zinaa hayaonekani katika uoteshaji wa kawaida; yana kipimo chake.

Ikiwa mkojo umeoteshwa na hakuna kilichoota, usinunue antibiotiki nyingine. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu kila dozi isiyohitajika huwaacha hai bakteria wagumu, na siku utakapopata maambukizi ya kweli dawa itagoma.

Basi kinachouma ni nini? Nyuzi C zikipiga kelele kwa wiki kadhaa, zinamwaga kemikali kwenye pembe ya nyuma ya ugwe wa mgongo, glutamati na dutu P zikiwamo. Seli za hapo zikipokea kemikali hizo mfululizo hubadilika. Vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo kwa kawaida huwa vimezibwa, hufunguka. Baada ya hapo seli ileile huitikia ishara ndogo ambayo zamani isingejali, huitikia kwa nguvu zaidi, na huendelea kuitika hata ishara ikikoma. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500. Mwenye hali hii anaweza kulia kwa uchungu kikiwa na 100. Bakteria ameshaondoka, uvimbe umepoa, lakini ugwe umejifunza maumivu na unaendelea kuyatoa.

Kwa hiyo anayekuambia maumivu yako ni ya kichwani amekosea anwani. Yako kwenye mgongo, na yana kemia inayojulikana.

Sababu ya pili hufuatana na hiyo: misuli ya sakafu ya nyonga. Ugwe ukipokea ishara za maumivu hujibu kwa kukaza misuli iliyo karibu, bila wewe kuamua. Misuli hiyo ikikaza wiki hadi wiki huanza kuuma yenyewe. Dalili zake ni mkojo unaoanza kwa kusitasita, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na uchungu unapokaa kwa muda mrefu, kama vile kwenye foleni ya magari ya Kibarani.

Sababu ya tatu, isiyo ya kawaida sana lakini ambayo husahauliwa, ni ugonjwa wa maumivu ya kibofu. Daktari huufikiria pale maumivu yanapozidi wiki sita bila maambukizi, yakiongezeka kibofu kinapojaa na kupungua baada ya kukojoa. Baadhi ya wagonjwa huwa na vidonda kwenye ukuta wa kibofu, ambavyo huonekana tu kwa kamera.

Kabla ya kwenda kwa daktari, fanya kazi hii ya siku tatu, maana itamsaidia kuliko maelezo marefu. Chukua jagi lenye vipimo. Kila unapokojoa andika saa, kiasi, na maumivu kwa alama kutoka 0 hadi 10, kabla na baada. Andika na ulichokunywa. Ukiona unakojoa kidogo kidogo mchana kutwa lakini usiku unalala saa sita bila kuamka na asubuhi unatoa mililita 400, ukuta wa kibofu wenyewe huenda hauna shida kubwa. Ukiona kiasi ni kidogo mchana na usiku, na uchungu unafuata kujaa, mwambie daktari hivyo hivyo.

Yanayoweza kufanyika nyumbani:

Acha kahawa, soda, achari, pilipili na vinywaji vichachu kwa wiki mbili. Kisha rudisha kimoja kimoja. Hakuna haja ya kuacha maisha yote. Unatafuta kile kinachokusumbua wewe.

Weka kitambaa chenye joto au chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo chini ya kitovu. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ishara za mguso na za maumivu hushindana ndani ya ugwe, na za mguso zinaweza kupunguza zile za maumivu kabla hazijapanda kwenye ubongo. Nadharia yao imerekebishwa tangu hapo, lakini msingi umebaki. Usiweke joto mahali palipokufa ganzi, utaungua bila kujua.

Pumua kwa tumbo, taratibu, ukiwa umelala na magoti yamekunjwa, dakika kumi asubuhi na jioni, ukiacha msamba ulegee unapovuta pumzi. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, yale wanayofundishwa kina mama baada ya kujifungua, yaache kwanza. Misuli iliyokaza haihitaji kukazwa zaidi.

Ukihisi haja muda mfupi baada ya kukojoa na uchungu si mkali, subiri dakika tano, halafu kumi. Usijitese. Lengo ni kuufundisha ugwe upya kwamba kujaa si hatari.

Zaidi ya hapo ni kazi ya wataalamu. Mfiziotherapia wa sakafu ya nyonga anaweza kuilegeza misuli kwa mkono. Daktari anaweza kuandika amitriptilini kwa kipimo kidogo cha usiku. Dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya huzuni nzito, na wengine hukasirika wakiandikiwa, wakidhani wameitwa wendawazimu. Ina sababu yake hapa: kutoka kwenye shina la ubongo zinashuka neva zinazotuliza maumivu ndani ya ugwe kwa kutumia serotonini na noradrenalini, na dawa hii huziongezea nguvu kemikali hizo. Usiinunue mwenyewe. Inaweza kuzuia mkojo, hasa kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba, na huvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu. Ipo pia njia ya kusisimua neva ya tibia karibu na kifundo cha mguu kwa umeme mdogo. Mguu na kibofu ni vitu viwili mbali, lakini neva hiyo huingia kwenye pingili zilezile za sakrali, ndiyo maana hufanya kazi.

DALILI YA 3: Maumivu yako mbali na kibofu

Abiria wa Nyali, wa Kisauni na wa Tudor wote hushukia kivukoni na kupanda feri moja. Aliyesimama upande wa Likoni akiwaona wanateremka hawezi kujua nani alitoka mtaa gani. Ndivyo ilivyo ndani ya ugwe. Ishara za kibofu, za ngozi ya kinena na za misuli ya paja huingia kwenye seli zilezile, na ubongo unaopokea mwishoni haujui chanzo. Ukiwa umezoea maumivu ya ngozi na misuli kuliko ya viungo vya ndani, hukisia ngozi. Daktari Mwingereza Henry Head alichora ramani za maumivu ya namna hii tangu mwaka 1893, na madaktari bado wanazitumia.

Kwa hiyo soma mahali panapouma hivi.

Maumivu yanayotoka ubavuni yakishuka kwa mawimbi hadi kinenani au kwenye korodani, ukigaagaa bila kupata mkao wa nafuu: fikiria kijiwe kinachoshuka kwenye mrija wa figo. Figo na mrija wake huingia kwenye ugwe kati ya T10 na L2, pamoja na ngozi ya maeneo hayo. Joto na kutokunywa maji hukuza vijiwe. Wimbi la kwanza linahitaji hospitali na picha, si sindano ya diklofenaki ya mtaani, ambayo kwa mtu aliyekaukiwa maji inaweza kuumiza figo.

Maumivu kwenye ncha ya uume, au kwenye midomo ya uke, bila kidonda: mara nyingi tatizo liko kwenye shingo ya kibofu, au kijiwe kimefika karibu na kibofu. Vijana wengi hujitazama pale ncha ilipo, hawaoni kitu, wakaona haya kusema. Semeni.

Msamba na chini ya mgongo kwa mwanamume: tezi dume, au misuli iliyokaza kama ilivyoelezwa juu.

Chini ya kitovu, katikati, na hupungua baada ya kukojoa: hapo ni kibofu chenyewe.

Na wakati mwingine mambo hugeuka, tatizo likawa kwenye mgongo na mtu akalisikia kibofuni. Diski iliyochomoka ikibana mizizi ya sakrali inaweza kuleta mwasho wa msamba na haja za ghafla. Kama una maumivu ya mgongo yanayoteremka mguuni pamoja na matatizo mapya ya mkojo, usiyatenganishe unapomweleza daktari.

Usisubiri kabisa katika hali mbili. Kijana mwenye maumivu ya ghafla ya korodani, hata kama anasema ni tumbo, anaweza kuwa na korodani iliyojinyonga. Hubakiwa na saa chache tu, takriban sita, kuiokoa. Na mwanamke aliyekosa hedhi mwenye maumivu makali ya chini ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu begani, anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na anavuja damu ndani. Wote wawili wapelekwe hospitali hapo hapo.

DALILI YA 4: Damu kwenye mkojo

Jiulize kwanza ulichokula na kumeza. Kiazisukari chekundu hupaka mkojo rangi, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huugeuza wa machungwa au mwekundu.

Kama si hivyo, maambukizi ya bakteria na vijiwe ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Lakini sisi watu wa Pwani tuna letu: kichocho. Vimelea huingia kupitia ngozi kwenye maji yasiyo ya chumvi yenye konokono, kama vile mabwawa na vijito vya Kwale, Kilifi na kandokando ya Mto Tana. Bahari haina kichocho, kwa hiyo kuogelea Nyali au Shelly hakukupi ugonjwa huu. Kinachokupa ni likizo ya utotoni kwa bibi, kuoga bwawani. Mayai hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza kwa miaka, na dalili yake ya kawaida ni matone ya damu mwishoni mwa mkojo. Kwa wanawake mayai hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na uke, na vidonda vyake mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa.

Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Peleka mkojo wa muda huo, na mwambie mpimaji kwamba unashuku kichocho ili autazame kwa darubini. Tiba ni prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito wa mwili. Ukiacha bila tiba, kwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Mara chache sana mayai hufika kwenye ugwe wa mgongo wenyewe, mtu akapoteza nguvu za miguu na mkojo ukakataa kutoka. Hiyo ni dharura.

Damu isiyo na maumivu kwa mtu aliyepita miaka 40, hasa mvutaji sigara, ichunguzwe hata ikija mara moja na kupotea.

DALILI YA 5: Mkojo hautoki

Ukiwa na uchungu mkali, tumbo limevimba chini ya kitovu na hutoi hata tone, nenda hospitali utiwe mpira wa kutoa mkojo. Usinywe maji zaidi kwa matumaini ya kusukuma. Kwa mwanamume mzima sababu kubwa ni tezi dume iliyovimba. Baada yake ni dawa: vidonge vya mafua na mzio, amitriptilini, na muguka au miraa, ambazo hukaza shingo ya kibofu au kulegeza msuli wake wa kusukuma mkojo.

Hali ya hatari zaidi ni pale mkojo hautoki na huumwi. Kibofu kilichojaa kinapaswa kuuma. Kikinyamaza, taarifa haifiki. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kupoteza neva hizo polepole na kubeba zaidi ya lita moja bila kujua, mkojo ukivuja kidogo kidogo usiku.

Lakini ikija ghafla, ukiwa na ganzi ya msamba na makalio, mahali panapogusa tandiko ukipanda baiskeli, au miguu imelegea, au hujijui haja kubwa ikitoka, basi mizizi ya neva iliyo chini ya ugwe imebanwa. Ugwe wa mtu mzima huishia karibu na L1 au L2; chini yake neva za kibofu huteremka zikiwa wazi kama mkia. Zikibanwa kwa muda mrefu hazirudi. Usiende kukandwa mgongo. Nenda hospitali ya rufaa yenye madaktari wa upasuaji, usiku huohuo.

DALILI YA 6: Kibofu huamka wakati wa hedhi, au ukikosa choo

Hili ni jepesi kulieleza. Utumbo mpana, kizazi na kibofu hutumia seli za pamoja ndani ya ugwe, kwa hiyo kimoja kikiudhika huwaudhi jirani zake. Tibu choo kigumu kwanza: mboga, matunda kama papai, maji, kutembea. Wengi hushangaa kibofu kinavyotulia. Maumivu makali ya kila hedhi yanayokulaza kitandani yachunguzwe kama tishu za kizazi zimeota nje ya kizazi.

DALILI YA 7: Aliyeumia uti wa mgongo: haumwi, lakini kichwa kinapasuka

Mkwezi aliyeanguka mnazini, kijana wa bodaboda, mtu aliyepiga mbizi majini pasipo na kina. Familia zao huambiwa mengi kuhusu vidonda vya mgongoni, lakini hili mara nyingi huachwa, nalo linaweza kuua.

Wiki za mwanzo baada ya ajali kibofu hulegea kabisa. Baadaye, ikiwa jeraha liko juu ya sakrali, ugwe ulio chini ya jeraha huanza kufanya kazi bila amri ya ubongo. Nyuzi C zilizokuwa kimya hushika usukani, na kibofu hujibana chenyewe kikiwa na mkojo kidogo. Mgonjwa hahisi maumivu, kwa kuwa ishara haipandi.

Jeraha likiwa T6 au juu yake, ishara hiyo isiyohisiwa huamsha neva zinazobana mishipa ya damu ya sehemu yote ya chini. Presha hupanda ghafla. Ubongo hujaribu kuishusha, lakini amri zake hazipiti chini ya jeraha. Utaona kichwa kinamuuma vikali, uso umekuwa mwekundu au anatoka jasho jingi juu ya jeraha, pua imeziba, mapigo ya moyo yamepungua. Watu hawa huwa na presha ya chini kawaida, kwa hiyo 140 kwa mtu wa 100 tayari ni hatari, hata kama mashine ya zahanati inasema ni ya kawaida.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Mkalishe wima, miguu ining'inie. Legeza mkanda, viatu, nguo zinazobana. Angalia mpira wa mkojo: umepinda, umekaliwa, mfuko umejaa? Unyooshe, mwaga mfuko. Kama hana mpira na hutumia wa kuingiza na kutoa, mwingizie sasa ikiwa umefundishwa. Usimkamue tumbo kwa mkono, maana unaongeza ishara ileile. Mpira ukiwa sawa na hali haijatulia, sababu inayofuata ni choo kigumu, kisha ngozi: kidonda, ukucha uliozama, kitu alichokalia. Presha ikibaki juu baada ya dakika chache, au mpira umeziba na huwezi kuubadilisha, mpeleke hospitali akiwa bado ameketi. Kumlaza garini kunapandisha presha.

Andikeni kwenye karatasi, akae nayo mfukoni: jeraha liko pingili gani, presha yake ya kawaida ni ngapi, na kwamba maumivu ya kichwa ya ghafla kwake hutibiwa kwa kukagua kibofu kwanza. Muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kuona hali hii ataisoma karatasi haraka kuliko atakavyoweza kusikiliza maelezo ya mtu mwenye hofu.